Kumtia moyo mtoto mwenye ADHD si kumdekeza

Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi jijini Dar es Salaam, herufi nne za ADHD zimekuwa jibu la karibu kila swali linalohusu mtoto asiyetulia. Mtoto akipanda juu ya meza, ADHD. Akisahau sweta shuleni, ADHD. Akigoma kuandika kazi ya nyumbani, mtu anatuma video ya dakika moja inayoorodhesha dalili, na kabla jioni haijaisha wazazi kadhaa wamekwisha kuwapa watoto wao jina hilo bila kumwona daktari. Upande wa pili wapo wanaoshikilia kwamba hali hiyo haipo kabisa, kwamba ni utundu uleule wa siku zote uliopewa jina la kitaalamu na watu wasiotaka kuwarudi watoto wao. Kinachowachanganya wengi zaidi ni ushauri unaofuata: mtoto wa namna hiyo, wanasema wataalamu, anahitaji kutiwa moyo na kupongezwa mara nyingi. Mzazi anauliza, tena kwa haki, ataanzaje kumpongeza mtoto ambaye tangu asubuhi amevunja glasi, amempiga mdogo wake na kurudi nyumbani bila begi.

Jibu lipo, ila halieleweki mpaka ijulikane kwanza ADHD yenyewe ni nini.

ADHD ni nini, na inafanana na nini

ADHD, kifupisho cha maneno ya Kiingereza attention-deficit/hyperactivity disorder, ni hali inayotokana na namna ubongo unavyokua, ambayo humletea mtoto shida ya kudumu katika kuelekeza umakini, kutuliza mwili na kujizuia kabla ya kutenda au kusema. Si kila mtoto hupata shida katika yote hayo. Wapo ambao mwili hautulii hata wakati wa kula, na wapo wanaokaa kimya kwenye dawati huku akili imekwenda mbali. Wasichana wenye ADHD mara nyingi huwa katika kundi hili la pili, na kwa kuwa hawamsumbui mtu, hawatambuliwi, bali huitwa wazembe au wazito. Wengine wana dalili za pande zote mbili. ADHD si usonji, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, na wala haielezi kiwango cha akili: wapo wenye akili nyingi, wa kati na wenye kupata shida ya kujifunza, kama ilivyo kwa watoto wengine wote.

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani wa mwaka 2013, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, unataka dalili ziwe zimedumu kwa angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamkwaza kweli katika masomo na maisha yake na wenzake. Mtoto anayesumbua akiwa kwa bibi tu, huku shuleni na madrasa ametulia, hatimizi masharti hayo. Makadirio yaliyokusanywa kutoka mabara mbalimbali huweka idadi kwenye watoto 5 hivi katika kila 100. Kwa darasa la wanafunzi 45, ambacho ndicho kiwango kinachotakiwa katika shule zetu za msingi ingawa madarasa mengi ya jiji hili yanakipita, hao ni watoto wawili.

Ili kuona kinachotokea ndani, fikiria daladala yenye injini nzima na dereva hodari, ila konda wake ndiyo kwanza ameanza kazi. Nguvu zipo na gari linakwenda. Kinachokosekana ni mtu wa kusema hapa tusimame, huyu ashuke, yule asubiri. Abiria anayepiga kelele zaidi ndiye anayesikilizwa, na kituo kinapitwa. Kumzomea dereva hakusaidii, wala kulisifia gari hakusaidii. Anayehitaji msaada ni konda, na msaada wenyewe ni kuelekezwa papo hapo, kituo kwa kituo, mpaka aizoee njia.

Kazi hiyo ya kupanga na kuzuia hufanywa kwa sehemu kubwa na maeneo ya mbele ya ubongo. Mwaka 2007 Philip Shaw na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo. Waliona kwamba nusu ya maeneo ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, yalifikia unene wake wa juu kabisa karibu na umri wa miaka 7 na nusu kwa watoto wasio na ADHD, na karibu na miaka 10 na nusu kwa wenye nayo, na ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi katika maeneo ya mbele. Ubongo unakua kwa mpangilio uleule, ila unachelewa. Mwanasaikolojia Russell Barkley amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba tatizo la watoto hawa haliko katika kujua la kufanya, liko katika kulifanya wakati unaotakiwa. Ndiyo maana mtoto anaweza kukutajia sheria zote za nyumbani bila kukosea, kisha akazivunja tatu kabla ya chakula cha mchana.

Sababu kubwa ni urithi. Tafiti za mapacha na za familia hukadiria kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti iliyopo kati ya watu katika hali hii inatokana na vinasaba, kwa hiyo bibi anayesema “hata baba yake alikuwa hivihivi” amepatia kuliko video nyingi zinazosambazwa. (Jambo hilo lina upande wake wa pili: mzazi anayepoteza funguo kila juma na kukosa subira upesi huenda naye ana hali hiyohiyo, na ndiye huyohuyo anayeambiwa awe mtulivu.) Malezi mabaya hayaleti ADHD, runinga haileti, wala hailetwi na mtu mbaya wa mtaa wa pili. Familia nyingi hupitia kwa mchungaji au kwa sheikh kabla ya kufika hospitali, na dua haina ubaya. Ubaya huanza pale mtoto anapoambiwa kwamba ndani yake kuna kitu kichafu, kwa sababu mtoto wa miaka minane huamini anachoambiwa na wakubwa, na atakibeba.

Hata hivyo, zipo hali zinazofanana na ADHD, na jiji hili linazizalisha kwa wingi. Mtoto anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri, akarudi jioni, akamaliza kazi za nyumbani na twisheni, akalala saa nne usiku, anapata usingizi wa saa sita na kitu, wakati mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kati ya saa 9 na 12. Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kila mara kama mtu mzima. Mara nyingi huwa na papara, hasira na umakini uliokatikakatika. Sikio lisilosikia vizuri, upungufu wa damu na hofu ya yanayotokea nyumbani vyote vinaweza kuonekana vivyo hivyo darasani. Umri nao hudanganya. Huko British Columbia nchini Kanada, ambako watoto waliozaliwa Desemba huanza shule pamoja na waliozaliwa Januari ya mwaka huohuo, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba wavulana wa Desemba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 30 wa kupewa jina la ADHD kuliko wa Januari, na wasichana asilimia 70. Baadhi yao huenda walichokuwa nacho ni udogo tu. Mzazi wa Dar es Salaam anayesukuma mtoto wa miaka mitano aingie darasa la kwanza kwa sababu “anajua kusoma” angefaa aukumbuke utafiti huo.

Namna kujiamini kunavyobomoka

Chukua siku ya kawaida ya mtoto wa darasa la tatu anayeishi Kimara na ambaye kweli ana ADHD. Anaamshwa mara tatu, na mara zote tatu anaambiwa hana haraka. Amevaa soksi moja, akaliona gari lake la kuchezea chini ya kitanda, akasahau ya pili, anakaripiwa. Darasani anajibu kabla ya kunyoosha kidole, anasimamishwa. Anarukia swali la nne kabla ya kumaliza la tatu, daftari linarudi na wino mwekundu. Wakati wa mapumziko hasubiri zamu yake, wenzake wanamtoa mchezoni. Jioni daftari la mawasiliano linafika nyumbani na ujumbe wa mwalimu, nao unasomwa kwa sauti mbele ya ndugu zake.

Katika watu hao hakuna hata mmoja aliyekuwa katili. Mama alimkaripia mara moja au mbili, mwalimu mara mbili, dada wa nyumbani mara moja, na kila mmoja alikuwa na sababu. Mtoto ndiye pekee aliyeyasikia yote, na kesho yake anayasikia tena. Akifika miaka tisa au kumi anakuwa amekwisha kujihukumu: mimi ni mbaya, au mimi ni mjinga. Kuanzia hapo hukataa kujaribu, kwa sababu ambaye hajajaribu hajashindwa. Anasema “sijui” kabla swali halijaisha, anachana karatasi aliyokosea, anaficha daftari, au anageuka mchekeshaji wa darasa, kwa kuwa kuchekwa kwa kupenda ni afadhali kuliko kuchekwa bila kupenda. Sisi wakubwa tunaita hayo jeuri.

Wapo pia wanaoonekana kinyume chake. Watafiti, akiwemo Betsy Hoza wa Marekani, wameona kwamba watoto wengi wenye ADHD wakiulizwa juu ya uwezo wao hujikadiria juu kuliko walimu wanavyowakadiria. Mtoto aliyefeli hesabu anatamba kwamba yeye ndiye hodari wa hesabu. Mzazi akimsikia anahitimisha kwamba huyu kujiamini anako kupita kiasi, anachohitaji ni kushushwa. Majigambo hayo mara nyingi ni ngao, na kumshusha humfanya aishike kwa nguvu zaidi.

Hapa ndipo ninapoachana na ushauri unaorudiwa mno, kwamba mtoto aambiwe kila siku kuwa yeye ni bora na anaweza kila kitu. Kujiamini hakuingizwi kwa maneno. Mtoto huamini kwamba anaweza pale anapokuwa na ushahidi kwamba ameweza, na mtu anayemheshimu akawa ameuona ushahidi huo na kuutaja. Kwa hiyo kazi ya mtu mzima ina sehemu mbili: kulipunguza jambo mpaka mtoto aliweze, kisha kulitaja likishafanyika. Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo inayorukwa.

“Kasafishe chumba chako” ni amri moja kwa aliyeitoa, lakini ndani yake zimo kama kumi: nguo chafu, nguo safi, viatu, vitabu, kitanda, na kila moja ina uamuzi wake. Mtoto mwenye ADHD hupotea kwenye ya pili. “Kusanya nguo chafu uziweke kwenye beseni, kisha uniite” ni jambo analoweza kulimaliza, na akikuita kuna kitu cha kuonyesha. Vivyo hivyo kazi ya nyumbani yenye maswali ishirini hukatwa katika maswali manne manne, kwa dakika kumi au kumi na tano, akisimama katikati kunywa maji au kuzunguka nyumba mara moja. Amri itolewe ukiwa karibu naye, umemtazama, na iwe moja. Kuipaza kutoka jikoni ni kuipoteza.

Kwa nini sifa ya saa mbili usiku imechelewa

“Mbona akicheza gemu anatulia saa mbili nzima?” Swali hili huulizwa kila mara kama ushahidi kwamba mtoto anajifanya. Kwa kweli gemu linaeleza tatizo vizuri kuliko daktari. Kila baada ya sekunde chache linamwambia mchezaji amepata au amekosa, linampa pointi, linampandisha ngazi, na akishindwa linamruhusu aanze upya bila kumtukana. Ubongo wenye ADHD hauchukulii malipo ya baadaye kwa uzito unaotarajiwa, na dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na malipo, inaaminika kuhusika katika jambo hilo. Zawadi ya mwisho wa muhula iko mbali mno isiweze kumsukuma. Ahadi ya baiskeli akiwa katika kumi bora, ambayo wazazi wengi huitoa kwa nia njema kabisa, kwake ni habari ya nchi nyingine.

Sasa tazama maisha ya mji huu. Mama anatoka Gongo la Mboto kabla jua halijachomoza, baba anarudi na foleni ya Mbagala saa mbili usiku. Jambo jema ambalo mtoto alilifanya saa nane mchana limekwisha kupoa. Kwa mtoto mwingine lingeweza kungoja, kwa huyu haliwezi. Aliyekuwepo saa nane mchana ni dada wa nyumbani, au bibi, au shangazi anayekaa nao. Kwa hiyo makala yoyote ya malezi inayoandikwa kana kwamba mama na baba ndio wanaoshinda na mtoto haiihusu sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Dada akae na wazazi, aelezwe ADHD ni nini kwa heshima ileile ambayo wazazi walielezwa nayo, na wakubaliane pamoja mambo mawili au matatu ya kuangalia: amevua sare na kuitundika, amekula akiwa amekaa, ameanza kazi ya nyumbani bila kuvutwa. Dada ndiye atakayesema “nimeona” papo hapo na kuweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Wazazi wakirudi wanaisoma karatasi hiyo kabla ya kusoma malalamiko. Karatasi ina faida nyingine: inamlinda dada asiwe mpeleka mashtaka peke yake.

Shuleni pia ipo njia ya namna hii ambayo imefanyiwa utafiti wa kutosha, nayo ni kadi ya kila siku. Mwalimu na mzazi huchagua malengo mawili au matatu yanayoonekana kwa macho, kama vile kunyoosha kidole kabla ya kujibu, mwalimu huweka alama ya ndiyo au hapana kila kipindi, na nyumbani kadi hiyo huzaa haki ndogo ya siku hiyohiyo: dakika ishirini za kucheza nje, au kuchagua mboga ya kesho. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumwandikia kila mzazi barua, ila alama tatu hazimshindi. Anaweza pia kumketisha mbele, mbali na mlango, na kumpa kazi yenye heshima inayomruhusu kusimama, kama kufuta ubao au kugawa madaftari, mradi wenzake wasiione kuwa adhabu.

Maneno yenyewe

Sifa inayomsaidia mtoto huyu hutaja tendo. “Hongera, mwanangu” ni nzuri, lakini haimwambii arudie nini. “Nimeona umefungua begi na kutoa daftari kabla sijakuambia” humwambia. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio ambamo watoto waliofanya vizuri katika mafumbo walisifiwa kwa namna tofauti: wengine waliambiwa wana akili, wengine waliambiwa wamejitahidi. Baadaye walipopewa mafumbo magumu wakashindwa, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema, wakayafurahia mafumbo kidogo, na wengi wao zaidi walidanganya kuhusu alama walizopata. Kwa mtoto mwenye ADHD, ambaye kushindwa ni kwa kila siku, kuambiwa “wewe una akili sana” ni kupewa kitu atakachohofia kukipoteza kesho asubuhi.

Sifa iliyotiwa chumvi nayo ina madhara. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake huko Uholanzi waliwapa watoto kazi ya kunakili mchoro wa Vincent van Gogh, kisha wakawapa maoni waliyoambiwa yametoka kwa mchoraji wa kitaalamu. Wengine waliandikiwa kwamba mchoro wao ni mzuri, wengine kwamba ni mzuri ajabu, wengine hawakusifiwa. Watoto wenye kujiamini kidogo waliposikia “mzuri ajabu” walielekea kuchagua michoro rahisi iliyofuata, kana kwamba walikwisha kuwekewa kiwango wasichoweza kukifikia tena. Watafiti hao walionyesha pia kwamba ni watoto hao hao, wasiojiamini, ambao wakubwa huelekea zaidi kuwamwagia sifa kubwakubwa. Mapenzi yanatusukuma kufanya lile lisilosaidia.

Ipo sifa moja ya nyumbani kwetu ambayo ni mbaya kuliko zote, na karibu kila mtu ameitamka: “Kumbe unaweza! Mbona siku zote hufanyi?” Aliyesema anadhani amepongeza. Mtoto amesikia kwamba leo ilikuwa bahati na kwamba siku nyingine zote alikuwa akifanya makusudi. Yenye kufanana nayo ni “mwenzako anaweza, wewe unashindwa nini?” Sifa isiwe na mkia. Isemwe, ikatike, na kama kuna la kurekebisha lisubiri saa nyingine.

Je, akikosea? Anaambiwa ukweli, kwa kipimo: “Hesabu tatu za kwanza umezipanga vizuri, baba. Ya nne uliirukia mstari wa pili. Ebu turudi pale.” Na yule aliyevunja glasi, akampiga mdogo wake na kupoteza begi? Anafagia vipande pamoja na mtu mzima, anamwomba radhi mdogo wake, na kesho anapitia ofisi ya shule kuulizia begi. Mipaka inabaki pale pale. Kinachobadilika ni kwamba siku hiyohiyo, kama alikaa mezani akamaliza chakula, jambo hilo nalo linatajwa, kwa sababu ni kweli na lilimgharimu.

Sukari, viboko na dawa

Wengi huamini kwamba soda na pipi ndizo zinazowasha watoto hawa. Uchambuzi wa tafiti 23 uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani haukuona sukari ikibadilisha tabia wala umakini wa watoto. Lakini jaribio la Daniel Hoover na Richard Milich la mwaka 1994 ndilo linalogusa mada yetu zaidi. Kina mama walioamini kwamba watoto wao wa kiume huathiriwa na sukari waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliambiwa watoto wamepewa sukari nyingi, ilhali watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Kina mama wa kundi hilo waliwaona watoto wao kuwa hawatulii zaidi, wakawafuata kwa karibu zaidi na kuelekea kuwakosoa zaidi. Sukari yenyewe haikuwepo. Jina tunalompa mtoto hubadilisha macho tunayomtazamia, na hilo ni kweli kwa “ana sukari”, kwa “mtukutu”, na hata kwa “ana ADHD”, neno ambalo mtoto asiachiwe alisikie kama tusi la kutajiwa wageni.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zinaviruhusu shuleni kwa mipaka: visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili na adhabu zinazodhalilisha. Nje ya hoja ya sheria, ipo hoja ya manufaa. Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo, lakini kiboko humkumbusha mtoto sheria ambayo tayari anaijua, hakimpi uwezo wa kuikumbuka sekunde moja kabla ya kuivunja. Kinachokua haraka ni ustadi wa kuficha.

Lazima isemwe pia kwamba kutia moyo hakuondoi ADHD. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliowafuata watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa zilizosimamiwa kwa karibu zilipunguza dalili za msingi kuliko mafunzo ya tabia peke yake, wakati waliopata vyote viwili walinufaika pia katika mambo kama uhusiano wao na wazazi, tena kwa dozi ndogo. Kwa watoto wa miaka minne na mitano, mwongozo wa mwaka 2019 wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani unataka wazazi wafundishwe kwanza mbinu za kuongoza tabia kabla ya dawa kufikiriwa. Dawa hizi ni za kuandikiwa na daktari anayemfuatilia mtoto, kamwe si za kuazima kwa jirani. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD, kwa hiyo anayedai kuipima kwa mashine na kutoza fedha aogopwe. Njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya, kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, na kutoka hapo idara ya afya ya akili ya Muhimbili. Mzazi abebe madaftari ya mtoto, taarifa za shule za miaka iliyopita na, ikiwezekana, maelezo ya maandishi ya mwalimu. Daktari atauliza zaidi kuhusu hayo kuliko atakavyopima mwili. Mtoto akianza kusema kwamba afadhali asingezaliwa, au akijidhuru, asingojewe karatasi ya ukutani ifanye kazi. Apelekwe siku hiyo.

Karatasi yenyewe hupoteza nguvu baada ya majuma machache, jambo ambalo huwavunja moyo wazazi wakadhani wameshindwa. Inatosha kubadilisha malengo au zawadi, hasa akishirikishwa kuchagua. Umri nao hubadilisha maneno: mtoto wa darasa la pili hufurahi kupongezwa mbele ya shangazi zake wote, lakini akifika kidato cha kwanza maneno hayohayo mbele ya wenzake humwaibisha, na ni bora ayapate pembeni, mkiwa njiani kwenda kituoni. Katika umri huo aulizwe mwenyewe ni saa ngapi akili yake hukaa vizuri zaidi, na ni nani angependa amkumbushe. Mara nyingi atamtaja mtu ambaye wazazi hawakumtarajia, na mtu huyo ndiye wa kuzungumza naye kabla muhula haujaanza.